Itikadi Inamkataza Nini Mtawala?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi mliofika: kwa wakubwa wangu wote, shikamooni. Na ninyi wanafunzi, marahaba. Salamu zenu nilizipokea tangu getini.

Nimepewa mada ya itikadi za kisiasa na nafasi ya serikali. Najua jinsi mnavyofundishwa mada hii, kwa kuwa nimeifundisha mwenyewe hadi nikastaafu. Mwalimu anachora mstari ubaoni. Kushoto kabisa anaandika ukomunisti, kisha ujamaa, katikati uliberali, kulia uhafidhina na ubepari wa soko huria. Chini ya kila jina zinashuka sifa nne tano za kukariri. Huku serikali inashika kila kitu, kule inakaa pembeni na kulinda mali za watu. Mwanafunzi anafaulu mtihani, halafu anafika kwenye mkutano wake wa kwanza wa kampeni na hajui amuulize mgombea nini.

Nina jambo moja la kuwaambia, na yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Mkitaka kuijua itikadi, msianze na orodha ya mambo ambayo serikali inaahidi kuwafanyia watu. Anzeni na yale inayomkataza mtawala. Kisha muulize: akivunja katazo hilo, nani ana uwezo wa kumzuia?

Tuumalize kwanza huo mstari wa ubaoni. Kushoto na kulia vilianzia Ufaransa mwaka 1789. Wajumbe waliotaka mfalme abaki na uwezo wa kupinga sheria walikaa upande wa kulia wa mwenyekiti wa bunge, na waliompinga wakakaa kushoto. Kwa hiyo ubishi wa kwanza wa kushoto na kulia haukuhusu shule, wala hospitali, wala bei ya mkate. Ulihusu mamlaka ya mtu mmoja: je, aweze kukataa walichoamua wawakilishi wa wengi? Mambo ya nani amiliki kiwanda na nani alipe kodi kiasi gani yaliongezwa juu ya mstari huo baadaye.

Na hata yalipoongezwa, majina hayakutulia mahali pake. Adam Smith, ambaye watetezi wa soko huria wanamwita baba yao, aliandika mwaka 1776 kwamba ni kazi ya serikali kujenga barabara na madaraja na kusaidia watoto wa maskini kujifunza kusoma na kuhesabu. Marx na Engels, waasisi wa ukomunisti, mwaka 1848 nao walidai elimu ya bure kwa watoto wote. Bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi ililetwa Ujerumani mwaka 1883 na Kansela Bismarck, mhafidhina aliyewachukia wajamaa hadi akapiga marufuku vyama vyao. Mkiniuliza kama elimu na matibabu ni mambo ya kushoto au ya kulia, siwezi kuwajibu kwa uaminifu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki majina yaliyumba zaidi. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Namba 10, ulioandaliwa chini ya Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi. Waraka ule ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake ulikuwa unalinda mali binafsi, unakaribisha mitaji ya kigeni, na unasema fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yatakayozalisha zaidi. Wakati huohuo Tanzania nayo ilikuwa ikizungumza ujamaa, kwa maana nyingine kabisa. Jina lilikuwa moja na njia zilikuwa mbili. Ndiyo maana nawaomba msiishie kwenye jina.

Sasa njooni nami Dar es Salaam, Oktoba 1966. Nawaeleza kisa hiki kwa sababu kinawahusu wanafunzi. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa chuo kikuu waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, na kwa kipindi hicho walipwe sehemu ndogo tu ya mshahara. Wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa na mabango ya kusema enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere akakasirika. Pale pale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini ikapunguzwa pia. Na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa chuoni, wakarudishwa vijijini kwao.

Mambo hayo mawili yalitoka kwa mtu mmoja katika hasira moja, na mimi nayaona kuwa mambo tofauti kabisa. La kwanza lilimbana mtawala. La pili lilimbana aliyethubutu kupinga. Historia yote ya ujamaa wetu naiona ndani ya siku ile, na miezi mitatu baadaye iliandikwa rasmi.

Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Kesho yake mabenki yakataifishwa. Ukimuuliza mtu leo Azimio la Arusha lilikuwa nini, atakutajia utaifishaji na vijiji. Mimi nataka mkumbuke sehemu ya tano, ile ya miiko ya uongozi. Kiongozi wa chama au serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili mtu asifiche mali nyuma ya ndoa, masharti yaliwagusa mume na mke pamoja.

Hebu lipimeni jambo hilo. Nchi changa, ina miaka michache tu ya uhuru, mawaziri na makatibu wakuu ndio wameanza kujenga nyumba za kupangisha Oysterbay na Upanga, na chama chao wenyewe kinawaambia: chagua moja, uongozi au biashara. Wapo walioudhika na wapo walioondoka. Lakini mwananchi wa kawaida alipata kipimo ambacho hakuhitaji shahada kukitumia. Angeweza kuangalia nyumba ya mkuu wake na kuuliza.

Kenya ilijibu swali hilohilo kwa namna yake mwaka 1971. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao binafsi, na serikali ikakubali. Tangu hapo ofisa aliyetoa leseni aliweza kuwa na duka linaloomba leseni hiyo. Tena miaka michache kabla ya hapo, Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta enzi za mkoloni, alikuwa akitetea wapigania uhuru wasio na ardhi. Mwaka 1965 Kenyatta alimsuta mbele ya umati huko Kandara: wenzako tuliofungwa nao wana mashamba na biashara, wewe umejifanyia nini? Swali lile ni itikadi nzima katika sentensi moja. Sioni katazo lolote kwa mtawala ndani yake.

Kwa hiyo katika hili naegemea upande, na sitajificha. Kwenye miiko, Azimio lilikuwa sahihi, na bado liko sahihi.

Lakini nilisema kuna swali la pili: nani wa kumzuia mtawala? Hapo ndipo ujamaa wetu ulipovunjika, na nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu vitabu vingi vinapapita haraka mno.

Songea, katika kijiji cha Litowa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha vijana wa TANU kiliamua kuishi na kulima pamoja. Hawakutumwa na mtu. Walikuwa na njaa ya kweli mwanzoni, wakajifunza kwa kukosea, wakaendelea. Vijiji vingine vikafuata, hadi vikawa zaidi ya 10, vikaunda umoja wao ulioitwa Ruvuma Development Association. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Walikuwa na kinu cha kusaga na mashine ya kupasua mbao. Walikuwa na shule Litowa ambayo watoto wake walilima chakula chao na kujifunza mambo ya maisha ya kijiji, na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 unafanana sana na walichokuwa wakikifanya pale. Kila jambo liliamuliwa katika mkutano wa wanakijiji wenyewe: nani alime wapi, fedha zitumikeje, mgeni gani apokelewe. Mwalimu alifika, akapendezwa, akataka nchi nzima ijifunze kwao.

Kama kulikuwa na mahali ambapo ujamaa ulikuwa hai Tanzania, basi ni hapo. Na Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliupiga marufuku umoja ule. Mali zikatwaliwa, walimu wa shule ya Litowa wakahamishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kujenga vijiji vya ujamaa ni kazi ya chama, na hapawezi kuwa na chombo kingine.

Fikirini uzito wake. Wanakijiji wale hawakuwa wapinzani wa itikadi. Walikuwa waumini wake kuliko waliowapiga marufuku. Kosa lao lilikuwa kwamba mkuu wa mkoa akiwaambia fanyeni hivi, waliweza kujibu: ngoja tuitishe mkutano, tukikubaliana tutafanya. Walikuwa na uwezo wa kukataa. Viongozi waliokuwa tayari kupokonywa hisa na nyumba za kupangisha hawakuwa tayari kupokonywa amri.

Baada ya hapo mambo yalienda yalikoenda. Mwaka 1968 Mwalimu alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba watu hawaendelezwi, wanajiendeleza, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Novemba 1973 tamko likawa jingine: kuishi vijijini ni amri. Huko Isimani, Iringa, damu ilikuwa imeshamwagika siku ya Krismasi ya mwaka 1971, pale mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipomkuta mkulima Said Mwamwindi shambani kwake, wakagombana, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Mimi silitetei tendo la kuua. Nasema tu kwamba kati ya mkulima yule na mkuu wa mkoa hapakuwa na baraza wala mahakama ambamo mmoja angeweza kumwambia mwenzake hapana, na huyo mwenzake akalazimika kusikia.

Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipofika, watu walipakiwa kwenye malori. Mahali pengine nyumba ziliezuliwa paa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Wapo waliohamishwa mazao yakiwa shambani. Kufikia mwaka 1977 serikali ilihesabu watu wapatao milioni 13 vijijini. Ukame wa miaka ileile na bei ya mafuta vilichangia njaa na deni, na ni dhuluma kuibebesha operesheni lawama yote. Lakini mtu aliyehamishwa kutoka kwenye shamba la babu yake kwenda kwenye mstari wa nyumba uliopangwa na ofisa anayetaka kumaliza kazi kabla ya mwezi kwisha hahitaji mchumi wa kumweleza kilichotokea.

Naomba nisieleweke vibaya. Mimi ni mtoto wa serikali ile. Nilisoma bure. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake katika kisomo cha watu wazima, na sijasahau alivyolishika lile daftari la mistari mipana, akiinamisha kichwa, kidole gumba kikiwa cheupe kwa kubana kalamu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na baada ya kipindi walisimama wakaenda kuchimba vyoo. Zahanati zilifika mahali ambapo daktari hakuwahi kupita. Mtu akinijia na hoja kwamba serikali haiwezi kufanya lolote jema, ataniwia radhi, kwa kuwa nimeliona jema hilo nyumbani kwetu.

Ninachowaomba ni kuona tofauti. Kisomo na vyoo vilifaulu mahali ambapo watu walikusanyika, wakasikiliza, wakaamua. Vijiji vilishindwa pale watu walipoburutwa.

Mfano mwingine ni ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1920, na muungano wao wa ushirika, KNCU, ukaandikishwa mwaka 1933, chini ya mkoloni. Kule Usukumani wakulima wa pamba, wakiongozwa na akina Paul Bomani, walijenga ushirika uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika. Vyama hivi havikuwa malaika. Kulikuwa na mizani ya kupunja na viongozi wala rushwa, na malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini mwanachama aliweza kusimama kwenye mkutano mkuu na kumwangusha mwenyekiti. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, ikaweka mamlaka za mazao mahali pake. Mkulima wa pamba akabaki na mnunuzi mmoja, bei iliyopangwa Dar es Salaam, na hakuna mwenyekiti wa kumwangusha. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha vyama, tayari uzoefu wa kizazi ulikuwa umekatika. Jengo la ofisi unaweza kulirudisha kwa sheria. Mazoea ya kuhoji mahesabu hayarudi kwa njia hiyo.

Wazazi mnaikumbuka miaka ya 1980 mwanzoni. Foleni kwenye duka la kaya tangu saa kumi usiku, mtu ameweka jiwe kushika nafasi. Sukari kwa kibali. Majani ya mpapai yakifulia nguo badala ya sabuni. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, kuna waliotupa bidhaa mitoni na barabarani kwa hofu ya kukutwa nazo. Kisha akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, mwaka 1985, ruksa ikawa ruksa, na maduka yakajaa tena. Ninawaelewa kabisa wale waliotoka kwenye kipindi kile wakiwa na hakika kwamba serikali ikae mbali na biashara ya mtu.

Ila tazameni jinsi ruksa yenyewe ilivyokuja. Mwaka 1986 tulitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ruzuku zikaondolewa, ada na michango vikarudi shuleni na hospitalini, uandikishaji wa watoto shule za msingi ukashuka. Mwanakijiji hakuulizwa serikali ilipoingia shambani kwake, na hakuulizwa ilipotoka kwenye zahanati yake. Kwake yeye ilikuwa amri ileile, imebadilika upepo tu.

Na Februari 1991, huko Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ikalegeza miiko ya uongozi. Kiongozi akaruhusiwa hisa, akaruhusiwa mishahara miwili, akaruhusiwa nyumba za kupangisha. Azimio la Arusha lilikuwa na mikono miwili, mmoja umemshika mtawala na mwingine umemshika mkulima. Zanzibar uliachiwa ule uliomshika mtawala. Ule mwingine haukuguswa. Sheria za ardhi zilizopitishwa mwaka 1999 zimeendelea kusema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake.

Sisemi kwamba udhamini huo ni mbaya wenyewe. Umezuia mambo ambayo nchi jirani zimeyaona, ya mtu mmoja kununua wilaya. Lakini mdhamini naye anahitaji mtu wa kumuuliza mahesabu.

Msije mkadhani haya ni ya kale. Novemba 2018, Mtwara na Lindi, wanunuzi binafsi wa korosho walitoa bei ambazo wakulima walizikataa. Rais Magufuli akaamua serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzikusanya. Wengi tulishangilia, mnunuzi alikuwa amemdharau mkulima kwa muda mrefu mno. Kisha ukaja uhakiki. Kila mwenye korosho athibitishe ana shamba, ili wafanyabiashara wa kangomba, wale wanaomnunulia mkulima mapema kwa bei ya kumnyonya, wasilipwe. Nia ilikuwa njema. Lakini wakulima wa kweli walisubiri fedha zao kwa miezi, na msimu wa kupalilia haukuwasubiri. Mnunuzi binafsi asipokulipa, angalau unaweza kumshtaki au mwakani ukamnyima. Serikali ikiwa ndiyo mnunuzi, bwana bei, mhakiki na askari wa ghala kwa wakati mmoja, utaenda kulalamika wapi?

Anayetetea soko huria hapa atasema: mnaona? Na mimi namrudishia swali lake: nani alimzuia mnunuzi wa kangomba kumpunja mama mjane aliyehitaji fedha za sare ya mtoto mwezi Agosti? Soko peke yake halikumzuia. Kwa hiyo serikali iwepo. Iweke mizani sahihi, iendeshe mnada wa wazi, imshtaki mlaghai. Ikishafanya hayo isimpokonye mkulima uwezo wa kusema siuzi.

Nitawapa na mfano wa jirani ambapo katazo lilipata watu wa kulisimamia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, na ikaamuru zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Yaani ule uamuzi wa Waraka Namba 10, wa kumpa aliyenacho, ulijibiwa miaka 45 baadaye kwa kumfunga waziri wa fedha mkono. Kisha mwaka 2024 serikali ikaleta muswada wa fedha wenye kodi ya asilimia 16 juu ya mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wa umri wenu hawakusubiri kuelezwa. Waliusoma muswada kifungu kwa kifungu, wakauelezea kwa Kiswahili na lugha za nyumbani kwenye simu, wakawapigia wabunge wao. Juni 25 waliingia barabarani, na vijana waliuawa. Hilo lisisahauliwe na mtu yeyote anayesifu matokeo yake. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini.

Kilichonigusa ni kwamba wale vijana hawakuwa wa mrengo mmoja. Miongoni mwao kulikuwa na wanaotaka kodi ndogo na serikali ndogo, na wanaotaka serikali ijenge hospitali zaidi. Walichokubaliana ni kwamba usichukue shilingi yangu kabla hujanieleza ya jana ilikwenda wapi. Juu ya msingi huo watu wanaweza kubishana miaka 100 kuhusu ukubwa wa serikali, na ubishi wao ukawa na faida.

Angalieni pia elimu ya bure. Uganda iliianza mwaka 1997, baada ya Museveni kuiahidi katika uchaguzi wa 1996. Kenya ikaianza Januari 2003, siku chache baada ya muungano wa vyama wa NARC kushinda uchaguzi. Serikali hizo hazikuwa za kijamaa. Ziliomba kura kwa watu waliotaka watoto wao wasome, zikasikia.

Namalizia na la kwetu, maana sitaki mtoke hapa mkidhani uwezo wa kusema hapana uko Nairobi tu. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Wengi wenu hapa mmetimiza, au mtatimiza kabla ya matokeo kutoka. Mkutano huo unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na serikali ya kijiji ilete mbele yake taarifa ya mapato na matumizi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema hivi: ikitakiwa ardhi ya kijiji ihamishwe kwa ajili ya mwekezaji au mradi, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa. Likizidi hapo, kijiji kinatoa mapendekezo tu na waziri ndiye anayeamua.

Irudieni hiyo namba 250 mkiwa peke yenu. Ndipo unapoishia uwezo wa babu yako kusema hapana juu ya shamba lake, kwa sheria iliyopo leo. Mjamaa na mliberali wote wanapaswa kuwa na maoni juu yake. Iwe juu zaidi? Isiwe na ukomo kabisa? Au nchi haiwezi kujenga reli wala bwawa kama kila kijiji kinaweza kukataa? Hoja zote hizo zina watu wenye akili nyuma yake, na ningefurahi kuzisikia zikitoka kwenu kuliko kusikia sifa tano za ukomunisti.

Nimewahi kuhudhuria mikutano ya kijiji ambayo akidi haikutimia kwa sababu vijana walikuwa kijiweni, na wazee sita wakagawa ekari ambazo wajukuu wao watazililia. Asiyekuwepo na lake halipo. Likizo inaanza wiki ijayo. Ukifika nyumbani, nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, uulize mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini na muhtasari wake uko wapi. Kama haukufanyika ndani ya miezi mitatu, andika barua kwa mwenyekiti, muombe tarehe, nakala umpelekee diwani. Barua iwe fupi, yenye heshima, na yenye saini za wenzako.

Mwenyekiti, mimi niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na wale wasiokubaliana nami.